Mboga Ndani ya Maharage

Kila alasiri, mara tu baada ya kurudi kutoka shule, Chiriku alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha akaenda jikoni kupika chakula cha jioni. Chiriku halikuwa jina lake la darasani. Alibandikwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake, aliyekuwa mwashi, alipenda kusema kwamba akirudi kutoka kazini huisikia nyumba yake kabla ya kuiona.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na ukutani zilining'inia nguo zilizosubiri wenyewe. Alijulikana kwa mapindo yake. Wateja walisema kwamba mtu akianza kutafuta uzi uliolegea kwenye gauni alilolishona fundi yule, atalala na njaa. Tangu Chiriku afikie darasa la sita, mama alimwachia jiko, naye akabaki na mkasi na vitambaa vyake. Chiriku alijivunia sana kazi hiyo.

Lakini kupika katika nyumba ile kulikuwa na masharti. Miaka michache nyuma, mama alifanyiwa upasuaji wa moyo, akawekewa vali ya chuma, yaani mlango mdogo unaofunguka na kujifunga damu inapopita. Kuanzia hapo alimeza kidonge kila jioni ili damu yake isigande ovyo. Akikosa kidonge, bonge la damu lingeweza kujitengeneza kwenye vali, likasafiri hadi kwenye ubongo, na mtu akapooza au akafa. Nguvu ya kidonge ikizidi, damu huwa nyepesi mno, na jeraha dogo tu hukataa kukauka. Mama aliishi katikati ya hatari hizo mbili. Kwa hiyo alikwenda kliniki mara kwa mara, damu yake ikapimwa.

Daktari wa kliniki alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mazoea ya kuitafuta miwani yake huku ameivaa juu ya paji la uso. Alikuwa amemweleza mama mbele ya familia nzima.

"Mboga za majani zina vitamini K, na vitamini hiyo huisaidia damu kuganda," alisema. "Sikukatazi mboga, ni chakula kizuri. Ninachoomba ni kimoja. Usizizidishe ghafla, wala usiziache ghafla. Kidonge chako nimekipima kulingana na unavyokula. Ukibadilisha chakula, niambie, nami nijue la kufanya na dawa. Hata kidonge cha kichwa usimeze kabla ya kuniuliza."

Basi nyumbani mboga za majani zililiwa mara mbili kwa wiki, kibakuli kimoja, hazikuzidi wala hazikupungua. Chiriku aliikariri kanuni hiyo vizuri kabisa. Angeweza kuisema hata usingizini. Tatizo ni kwamba aliikariri bila kuielewa, na kukariri bila kuelewa ni sawa na kubeba maji kwa pakacha.

Mwaka huo shule ilianzisha bustani. Kila kundi la wanafunzi lilipewa tuta lake, na tuta la kina Chiriku lilistawi spinachi hadi majirani wa tuta wakaanza kununa. Mwalimu wa bustani aliwakusanya siku ya mavuno ya kwanza.

"Mboga hizi huongeza damu," aliwaambia. "Mtu akichokachoka, akapauka, huenda amepungukiwa damu. Pelekeni nyumbani, mkale."

Mwalimu hakusema uongo. Aliyoyasema ni kweli kwa watu wengi. Lakini Chiriku aliyasikia, na moja kwa moja akamfikiria mama yake. Siku hizo mama alikuwa na kazi kubwa ya kushona majoho ya kwaya, meupe, yenye kola nzito za buluu. Alikuwa akiamka mapema na kuchelewa kulala, na mara mbili Chiriku alimkuta amesinzia, kidevu juu ya kitambaa. Mtu mwingine angesema mama amechoka kwa kazi. Chiriku alisema moyoni, mama amepungukiwa damu.

Jioni ile alirudi na fungu la spinachi kifuani kama mtu aliyeshinda kombe.

"Mama, leo nakupikia mboga! Za bustani yetu wenyewe!"

"Hongera, mwanangu. Lakini leo si siku ya mboga. Pika zenu, zangu zingoje hadi siku yake."

"Lakini mwalimu amesema zinaongeza damu."

"Mwalimu hajui habari ya kidonge changu. Fuata tulivyoambiwa."

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kuuliza kwa nini. Alikuwa na mdomo wa kuuliza mambo yote ya dunia, hata kwa nini kuku hakojoi, ila hilo hakuliuliza. Aliona mama ni mkaidi tu, kama wagonjwa wengi wanavyokuwa, na kwamba mtu anayempenda mgonjwa lazima amsaidie kwa ujanja. Aliyachemsha majani yale, akayaponda kwenye kinu mpaka yakawa ujiuji, akayachanganya na maharage.

"Maharage yako leo yana rangi," mama alisema walipokaa kula.

"Nimetia hoho, mama."

"Mbona mengi hivyo?" baba aliuliza, akichungulia sahani yake. "Haya, mradi yasituotee tumboni."

Wote wakacheka. Chiriku naye alicheka, akaumeza uongo wake pamoja na tonge. Mama alisifu chakula, akaongeza. Chiriku alilala na furaha usiku huo. Kesho yake alifanya vilevile, na kesho kutwa pia. Bustani ilikuwa karimu, na kila siku alipata fungu jipya. Mboga nyingine alizificha kwenye dengu, nyingine kwenye viazi vya kuponda. Kile kibakuli cha mara mbili kwa wiki nacho kiliendelea palepale, wazi mezani, ili mtu asishuku kitu.

Shule ilipofungwa kwa likizo, Chiriku alimsindikiza mama kliniki. Nesi alimtoboa mama kidole, akakinga tone la damu, akalipeleka kwenye mashine. Daktari alipoyatazama majibu, uso wake ukabadilika.

"Shikamoo, daktari," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama, damu yako inaganda haraka mno. Umeruka kidonge?"

"Sijaruka hata siku moja."

"Chakula je? Mboga zimeongezeka?"

"Hapana, daktari. Ni kibakuli kilekile." Mama akatabasamu, akamwekea Chiriku mkono begani. "Lakini mpishi wangu huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Daktari akamgeukia. Chiriku alihisi mkono wa mama begani, mzito na mwenye imani. Alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini aliwaza aibu ya mama mbele ya daktari, akawaza ukali atakaoukuta nyumbani, akawaza pia kwamba huenda mboga hazihusiki hata kidogo.

"Ni zilezile, daktari," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mtoto aliyezoea kujibu kila swali kwa hadithi nzima, siku ile alijibu kwa maneno mawili, na hakuna mtu aliyeshangaa.

"Basi inawezekana mwili wenyewe umebadilika. Hutokea," daktari alisema. "Nitaongeza nguvu ya kidonge kidogo, kisha urudi wiki ijayo tukupime tena. Ukiona damu kwenye fizi au puani, au alama za kuvilia mwilini, usisubiri siku ya kliniki. Njoo hapohapo."

Njiani kurudi, mama alizungumza juu ya majoho. Chiriku alitembea kimya akipanga mipango yake. Sasa alijua kwamba mboga zilikuwa zimeiharibu dawa. Basi ataacha. Hatatia hata jani moja tena, wala hata kibakuli cha kawaida hatakijaza, na akiulizwa atasema zitapikwa kesho, ili damu ya mama irudi pale ilipokuwa. Atalimaliza mwenyewe, kimyakimya, bila mtu kujua. Aliona ameshapata dawa ya kosa lake.

Laiti angelijua! Watoto wakivutana kamba, upande mmoja ukiachia ghafla, ule mwingine huanguka chali. Daktari aliongeza kidonge ili kishindane na mboga ambazo hata hakujua kama zipo. Sasa mboga zimeondoka, na kidonge kilichoongezwa kimebaki peke yake, kinavuta bila wa kukizuia.

Siku chache hazikupita, mama akatema mate yenye wekundu alipokuwa akipiga mswaki.

"Mswaki huu mpya mgumu," alisema, akausukutua mdomo wake, akaenda zake kwenye cherehani.

Kisha Chiriku aliiona alama ya kuvilia kwenye mkono wa mama, pana, ya zambarau, mahali alipojigonga kidogo tu kwenye kona ya meza. Alisimama akiikodolea macho.

"Mama, daktari alisema tukiona alama..."

"Najua, mwanangu. Kliniki si keshokutwa? Nitamwonyesha. Wenye kwaya wanakuja kuchukua majoho yao, siwezi kuondoka sasa hivi." Mama akamtazama. "Mbona umekuwa kimya siku hizi? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena mbele yake, naye akaufunga tena. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yule anayeipita huiona ndefu kweli.

Alasiri ya siku iliyofuata, mama alikuwa akishona kola ya joho la mwisho. Kitambaa kilikuwa kinene, akakisukuma kwa nguvu, na sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole chake cha shahada. Alishtuka, akauchomoa mkono, na uvungu wa kiganja ukajigonga kwa nguvu kwenye chuma cha mashine.

"Fundi asiyechomwa bado mwanafunzi," alisema huku akicheka kwa maumivu. Akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cheupe.

Kitambaa kikawa chekundu. Chiriku akaleta kingine, nacho kikawa chekundu. Akaleta taulo. Damu ilitoka polepole, bila haraka, bila dalili ya kuchoka. Kiganja cha mama nacho kilianza kuvimba, kikawa kigumu, kikabadilika rangi. Halafu damu ikaanza kumtoka puani, ikadondoka juu ya joho jeupe.

"Mwite baba yako," mama alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Chiriku alikimbia hadi kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga baba, barabara ya pili. Baba alitupa mwiko chini. Walipata gari la jirani, na njia nzima mama aliuinua mkono wake juu, macho ameyafumba. Chiriku alimtazama, akamwomba Mungu amchukulie chochote anachotaka, asimchukulie mama.

Hospitalini walimkimbiza mama ndani, na daktari wake wa kliniki akaitwa. Baada ya muda alitoka, akasimama mbele ya benchi walilokaa.

"Damu yake imekuwa nyepesi kupita kiasi," alimwambia baba. "Sielewi. Kidonge nilichoongeza ni kidogo. Kisingeweza kufanya hivi peke yake ikiwa chakula ni kilekile."

"Chakula ni kilekile, daktari," baba alijibu. "Tunakula sufuria moja."

"Si kilekile," Chiriku alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Akasema. Alianza na bustani, akaja kwenye maharage, kwenye dengu, kwenye viazi. Akakiri kwamba siku ile kliniki alidanganya, na kwamba baada ya hapo aliacha mboga zote siku moja. Alilia huku akisema, lakini safari hii hakubakiza neno.

Daktari hakumkaripia. Aliuliza tu ziliachwa siku gani, na kama ziliachwa zote kabisa, akaitikia kwa kichwa. "Asante. Sasa najua la kufanya," akasema, akarudi ndani kwa haraka. Ile asante ilimuuma Chiriku kuliko kofi. Ingesemwa kliniki siku ile ya kwanza, isingekuwa na machungu yoyote.

Baba alikaa akikwangua saruji iliyokauka kwenye kucha zake, ukucha baada ya ukucha, macho yake kwenye mlango ule.

Mama hakufa. Walimpa dawa ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda, na kwa sababu ya ile vali iliwabidi waende kwa uangalifu mkubwa, wasije wakamwokoa huku na kumpoteza kule. Kiganja chake kilikuwa kimejaa damu chini ya ngozi, ikabidi kipasuliwe ili itoke. Kidonge kilipimwa upya, na damu yake ikarudi katikati, pale inapotakiwa. Lakini damu iliyojaa ilikuwa imekwisha kuubana mkono kwa muda mrefu. Jeraha lilipopona, vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha shahada na cha kati, havikukunjika tena vizuri.

Wenye kwaya walihitaji majoho yao, wakayapeleka kwa fundi mwingine. Mama mwenyewe ndiye aliyewakunjia, kwa mkono wa kushoto, pamoja na lile lenye madoa. Chiriku alishindwa kutazama.

Alikataa pia kupika. Kila aliposhika mwiko alihisi anashika sumu. Baba akachukua jiko, na kwa siku kadhaa walikula wali ulioungua chini na mbichi juu. Mama aliula bila kulalamika, na baba akadai kwamba saruji humtii kuliko mchele.

Siku moja mteja wa zamani, mwanamke mwenye duka la vitabu, aliingia na kitambaa kipya cha gauni. Chiriku alikuwa akifagia vipande chini ya meza.

"Pole jamani, fundi! Mkono umefanya nini?"

"Sindano, dada yangu," mama alijibu. "Ajali za kazi."

Chiriku aliacha kufagia. Hakuna aliyemuuliza, na hakuna ambaye angejua. Akainuka na ufagio mkononi.

"Si sindano peke yake, shangazi," alisema. "Mimi nilimlisha mama mboga kwa kificho, na dawa yake haitaki mboga kuzidi. Daktari akaniuliza, nikamdanganya. Akapanga dawa kwa uongo wangu. Ndiyo maana mkono wa mama uko vile."

Yule mwanamke alimtazama mama, akamtazama Chiriku, akakikunja kitambaa chake polepole. Alisema gauni lake ni la haraka kidogo, atapita siku nyingine. Mama akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Aliporudi, aliketi kwenye kiti chake.

"Kwa nini umemwambia? Sikukutuma."

"Ulikuwa unadanganya kwa ajili yangu, mama."

Mama akamwashiria akae karibu naye.

"Kweli, nami nimekosea hapo. Sasa nisikilize. Mboga zile ulinipa kwa upendo, najua. Ila anayempenda mgonjwa huuliza kwanza. Chakula kinachomjenga mmoja kinaweza kumwangusha mwingine, hasa aliye kwenye dawa. Lakini mboga ndizo kosa dogo. Kosa kubwa ni siku ile daktari alipokuuliza. Daktari haoni ndani ya sufuria zetu, mwanangu. Anaona yale tunayomwambia, na dawa anaipima kwa maneno yetu. Tukimpa uongo, ataipima kwa uongo. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Niliogopa utanigombeza," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Ningekugombeza. Ningekugombeza mpaka jua lichwe, na majirani wangekuja kukuombea msamaha. Halafu kesho yake ningekaa hapa, nikashona."

Mama hakusema hivyo kwa ukali, wala hakutaka kumwumiza. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, na vile vidole viwili vilijaribu kujikunja, vikaishia njiani. Chiriku aliviona. Alilala mapajani mwa mama, akalia kilio kirefu, na mama akamwacha alie, kwa sababu machozi yale yalikuwa haki yake.

Alipotulia, mama akamfuta uso kwa pindo la kanga.

"Nimekusamehe siku nyingi. Haya, inuka ukapike, baba yako asije akatuua kwa wali wake. Ila ukitaka kubadilisha chochote, pita hapa kwanza uniambie."

Chiriku akaenda jikoni. Kabla hajawasha jiko, alirudi akasimama mlangoni.

"Mama, leo naomba kutia karoti kwenye maharage. Mbili."

"Tia," mama alisema bila kuinua macho. Alikuwa ameinamia kipande cha kitambaa, akijifunza kushika mkasi kwa mkono wa kushoto.